Chaki Niliyoifuta

Akinyi nyara, binti yangu,

Umetoka asubuhi kwenda Rusinga kumuaga nyanya yako, na mimi nimefungua gereji kama kawaida, nikaifunga tena kabla ya saa tano. Mteja mmoja alikuja na breki zinazolia, nikamwambia aende kwa jirani. Alishangaa, na hata mimi nilijishangaa, maana unanijua, sijawahi kumfukuza mtu mwenye gari bovu. Lakini leo kila nikiinama chini ya gari mdomo unataka kusema, "Nipe kumi na nne," halafu nakumbuka hakuna wa kunipa. Hujaondoka hata, na tayari spana zangu sizioni.

Kesho asubuhi unakwenda Nakuru. Mambo ya kula, ya kufunga mlango, ya kuchagua marafiki, sitayagusa. Mama yako ameyasema wiki nzima mpaka kuku wa jirani wameyakariri. Mimi nina jambo moja tu, nimekaa nalo tangu mvua za mwezi wa nne. Na unaujua mdomo wangu: kwa ugomvi uko mbele, kwa kukiri unatafuta mlango wa nyuma. Ndiyo maana nimekaa hapa juu ya tairi kuukuu, nimeweka kipande cha mbao magotini, naandika.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho cha nyumba yetu. Mama yako alitoka kwao Kuria hajui Kijaluo, hata salamu ya "amosi", na mimi Kikuria nilikijua matusi tu, tena yale ya stendi. Tukakutana katikati kwa Kiswahili chetu hiki cha kuokoteza, nawe ukazaliwa humo. Tukakupa jina la nyanya yangu, yule aliyenilea, na kwa ajili yake nimekuita dani tangu ukiwa huna jino. Watu walicheka sana, mwanamume mzima anabembeleza kitoto anakiita nyanya. Na tangu hapo kukugombeza kumenipa taabu, maana nikiinua sauti najisikia namfokea aliyenilea. Nakuambia haya ili ujue kwamba siku ile nilijua ninachofanya.

Acha nianzie mbali kidogo, usinikatize.

Nilipokuwa kijana nilifunzwa kazi Homa Bay na fundi mmoja mnene, mpole, tuliyemwita Japuonj, yaani mwalimu. Wakati huo magari ya otomatiki yalikuwa ya kuhesabu huku kwetu, na mafundi wengi waliyakimbia. Yeye hakuyakimbia. Siku ya kwanza aliponionyesha konveta, lile dude la duara mfano wa sufuria mbili zilizochomelewa midomo, linalokaa kati ya injini na giaboksi na kupitisha nguvu kwa oili, hakuniambia habari ya nguvu wala oili. Aliniuliza, "Ukifika boma la mtu, unaingia tu?"

Nikasema hapana, napiga hodi.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Sasa hii ni mgeni. Isukume pole pole ndani ya giaboksi huku unaizungusha. Itaingia kidogo igote. Hodi ya kwanza. Zungusha, itazama tena. Ya pili. Usiiache hapo! Zungusha tena mpaka masikio yake yashike pampu ya ndani, utaisikia ikikaa. Ya tatu. Ukisikia mbili ukadhani umekaribishwa, utavunja nyumba ya watu."

Nimeyabeba maneno hayo maisha yangu yote ya kazi. Na ubaya wa hodi ya pili ni kwamba inafanana sana na ya tatu. Konveta inaonekana imeingia. Inakaa, haidondoki, inapendeza machoni. Kinachobaki ni unene wa kidole tu, na unene wa kidole ndio unaovunja pampu.

Wewe nilikufunza vivyo hivyo. Umemaliza kidato cha nne, unaniletea chakula cha mchana, unaweka bakuli juu ya betri, unachuchumaa. Siku ya kwanza nilikufukuza. Ya pili nikakufukuza nusu. Ya tatu nilikuwa nakuambia shika hapa. Konveta yako ya kwanza uliiingiza umefumba macho, unahesabu kwa Kijaluo kwa sauti ya chini, achiel, ariyo, adek, na ilipokaa ile adek ukapiga kelele mpaka vijana wa boda wakaja kuona nani ameumia. Lo, dani! Nilitaka kucheka nikajifanya natafuta jeki. Sijui ni kwa nini sikucheka nawe. Leo ningetoa chochote nirudi pale nicheke.

Halafu ukaongeza la kwako, ambalo Japuonj hakunifunza. Ulitandika chuma kilichonyooka juu ya mdomo wa giaboksi, ukapima kwa rula konveta imezama kiasi gani, ukaandika namba kwa chaki ubavuni mwa giaboksi. "Baba, ikiinuliwa inaweza kuteleza mbele. Tukiwa na wasiwasi tunapima tena, tunaangalia chaki." Nikakuambia mimi nina masikio. Ukasema, "Masikio yanachoka, Baba. Rula haichoki." Nilijifanya sikusikia, lakini lile lilinikaa.

Sasa nitakuambia kitu ambacho hata kwa mama yako nilikificha mpaka juzi. Nilianza kukuonea wivu. Ndiyo, mwanangu wa kumzaa! Wateja walianza kufika wakiniangalia mimi, halafu wakiangalia nyuma yangu. "Msichana yuko?" Nilikuwa nawajibu yuko, kwa tabasamu, na ndani nachemka. Miaka yote hii nimelala chini ya magari ya watu mgongo ukawa ramani ya mawe, halafu mtoto wa juzi na rula yake! Nilijivunia wewe kanisani na kwenye mazishi, nikikusifu mpaka watu wanachoka. Gereji nilikuwa mtu mwingine.

Ndipo lilipokuja gari la Bi Halima. Unamjua, mama wa vitenge, anayeuza hapa Migori na siku za soko anapeleka mzigo Oyugis na Probox yake. Giaboksi ilikuwa imekufa kwa uzee, akaleta nyingine kuukuu lakini nzima. Asubuhi ile alipofika, mimi nikiwa nimesimama mbele yake na ovaroli safi, alisema, "Fundi, habari. Msichana yuko?"

Uliingiza konveta wewe. Mimi nilikuwa nyuma yako na kikombe cha chai, na nilizisikia zote tatu, Akinyi. Zote. Ulipima, ukaandika kwa chaki ishirini na mbili. Kisha nikakutuma ukanunue oili ya giaboksi. Ulisema, "Nisubiri, Baba, tuiinue pamoja."

Sikukusubiri. Nilitaka Bi Halima akirudi akute kazi imekwisha na mimi ndiye niliyeimaliza. Nikaipakia juu ya jeki peke yangu, nikainua, ikainama mdomo chini, na nikaona kwa macho yangu konveta ikiteleza kuja mbele. Kidogo tu. Ilikuwa ni kushusha, kuisukuma tena, kupima. Chaki yako ilikuwa inaniangalia. Robo saa isingefika.

Nikaendelea kuinua. Injini na giaboksi zikakaribiana, zikakataa kukutana. Ukabaki mwanya wa penseli. Na hapa hata mtu wa wiki moja gereji anajua: giaboksi inakutana na injini kwa mkono, kwa kuibembeleza. Bolti ni za kushikilia, si za kuvuta. Ukiona unahitaji bolti kuvuta, kuna kitu ndani hakijakaa, shusha uangalie. Nimewaambia watu hilo mara ngapi? Mimi mwenyewe nikachukua bolti mbili ndefu, nikakaza upande huu, nikakaza ule. Mwanya ukafungika. Ndani kitu kikasema ka! Nikajiambia ni pini imeingia mahali pake.

Ulirudi na oili ukasimama. "Umeinua peke yako?"

"Kwani mimi mgeni kwa hii kazi?"

"Konveta inazunguka?"

Swali la fundi, hilo. Zikishakutana, unaingiza bisibisi kwenye tundu la chini unaisukuma konveta. Ikiwa imekaa sawa inazunguka huru na ina nafasi kidogo mbele yake kabla hujaifunga kwenye sahani ya injini. Ikikataa kuzunguka, imebanwa, na unashusha kila kitu bila kubishana. Nikakujibu inazunguka. Sikuwa nimeijaribu, na nilijua kwa nini sikuijaribu. Nikakuambia niachie, namalizia mwenyewe. Gari lilipowaka likawa na mlio mwembamba, ukainua kichwa. "Baba, inalia." Nikasema oili bado haijaenea.

Lilimwacha Bi Halima barabarani kabla ya Rongo, siku ya soko, oili imemwagika yote, injini inanguruma na gari haliendi. Alikaa na marobota yake kando ya barabara mpaka jua likageuka. Lilirudi limevutwa.

Unakumbuka giaboksi ikiwa chini asubuhi iliyofuata. Kumbukumbu yako inaanzia hapo ulipofika. Mimi nilifika kabla yako. Nilikuwa nimeshaitoa, nimeshaona pampu imepasuka pale masikio yanaposhika, na ubavuni chaki yako bado ipo, ishirini na mbili, mwandiko wako ule wa kulala. Nikachukua kitambaa chenye petroli nikaifuta. Hakuna aliyenisukuma. Mkono huu unaoandika ndio ulioifuta.

Wengine waliokuwepo unawajua: Bi Halima, jirani yetu wa breki, vijana wa boda wawili watatu. Bi Halima akauliza, bila hasira, "Fundi, nani alifunga hii?"

Nikasema, "Ni huyu msichana wangu. Nilimwachia mapema mno."

"Lakini Baba, nilihesabu tatu."

"Ulihesabu vibaya."

Ukainama kutafuta chaki. "Niliandika hapa. Ishirini na mbili. Hapa."

"Pengine ulitaka kuandika ukasahau."

Niliuona uso wako ukibadilika. Si hasira. Ulikuwa unaniamini. Ulikuwa unajikagua mwenyewe, unarudi nyuma kichwani, achiel, ariyo, unatafuta ile ya tatu, na kwa sababu baba yako amesema haikuwepo, ukakubali haikuwepo. Halafu ukamgeukia Bi Halima, ukamshika mkono kwa mikono yako yote miwili. "Pole sana, mama. Ni mimi. Nisamehe." Akakuambia basi, mwanangu, ajali kazini. Na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, kitambaa bado kimo mfukoni kinanuka petroli.

Laiti ungenitupia spana! Laiti ungegomba, ukanuna, ukakataa kula! Ulikwenda kunawa mikono kwa sabuni ya unga, ukanawa, ukanawa. Tangu siku hiyo unabadilisha oili na filta, unapanga vifaa, unasema "ndio, Baba". Otomatiki ikiingia getini unakwenda nyumbani kumsaidia mama yako. Niliingoja siku utakayoisahau. Nilijiambia watoto husahau. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa sisahau, wewe utasahau vipi?

Kisha ikaja habari ya chuo cha Nakuru. Tulifurahi, mama yako akapiga vigelegele. Ulisema ukarani, nikasema vizuri, ofisini kuna feni na hakuna grisi. Wiki mbili zilizopita nilikuwa natafuta kalenda kwenye meza yako nikaiona fomu ya kwanza, ile uliyoiharibu ukachukua nyingine. Umeandika Ufundi wa Magari. Umeikata. Juu yake umeandika Ukarani. Hata kukata ulikata kwa rula. Nilikaa kitandani mwako na karatasi ile mpaka mama yako akaja kuuliza kama ninaumwa.

Mwanangu, wanasema asiyejua maana haambiwi maana. Mimi maana niliijua. Kutojua kunasamehewa haraka. Mtu anaelekezwa, anarekebisha. Shida yangu ilikuwa nimejua, nimeona, na nikakaza. Na nilipokaza mara moja ilibidi nikaze ya pili, na ya tatu, mpaka nikakuvunja wewe. Sikuandiki ili ujifunze kitu. Wewe hukuhitaji somo hili, hukufanya kosa. Naandika kwa sababu kesho ukipanda gari la Nakuru bila kujua, utakuwa umeondoka na uongo wangu kwenye begi lako, na sitakuwa na pa kukupata.

Jumanne nilikwenda Oyugis. Nilikudanganya kwamba nafuata vipuri, na huo ndio uongo wa mwisho, nakuahidi. Nilimkuta Bi Halima katikati ya vitenge vyake, kina mama wamemzunguka.

"Bi Halima, nina neno."

"Sema, fundi, usinizibie wateja."

Nikasema. Mbele ya wale kina mama wote, kama nilivyokusema wewe mbele ya watu. Nilisema konveta, nikasema bolti, nikasema chaki. Mengine hakuyaelewa, lakini la chaki alilielewa vizuri. Aliacha kukunja kitambaa.

"Kwa hiyo yule mtoto alinishika mkono akaniomba msamaha kwa kosa lako, na wewe unatazama?"

"Ndio, mama."

"Na ameacha kazi kwa sababu hiyo?"

"Ndio."

"Lahaula!" Mama mmoja pembeni akasema kwa Kijaluo neno ambalo sitaliandika, na lilinistahili. Bi Halima akavuta pumzi, akasema, "Ile pole yake mrudishie. Mwambie Halima amesema haikuwa yake, na mimi siitaki. Umesikia?"

Nikasema nimesikia, nikamwambia pole sana, mama, nisamehe.

"Si mimi!" akanifokea. "Mimi nilikaa barabarani siku moja. Mtafute mwenyewe umwambie!"

Niliporudi nilimwambia mama yako. Unamjua mama yako na hasira zake za kelele. Safari hii hakupiga kelele. Tangu Jumanne ananijibu kwa mgongo. Ugali ananiwekea, lakini anauweka mbali kidogo, ninyooshe mkono.

Sasa nisikilize, dani. Sikuombi uache ukarani. Nenda Nakuru, uwe karani, uwe hakimu, uwe chochote. Wala sikuombi urudi gereji, ingawa nitakutamani hapa kila siku ya Mungu, sauti yako chini ya gari, miguu yako miwili inatokeza, unaimba vibaya. Nitakutamani mpaka nitaongea na jeki. Lakini ukiwa karani, uwe kwa sababu umeupenda. Usiwe karani kwa sababu unaamini mikono yako ilivunja pampu ya mtu. Mikono yako ni mizuri kuliko yangu. Nilijua hivyo kabla ya kila mtu, na ndicho kilichoniuma.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niifiche chini ya begi lako, katikati ya nguo, uikute ukiwa umeshafika, mimi nikiwa mbali. Mama yako amepita sasa hivi, ameniona naandika, akauliza nitaipeleka vipi. Nilipomwambia, akazungumza nami kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Mbele ya watu ulimsema ana kwa ana. Leo unataka kumwomba msamaha kupitia begi?"

Kwa hiyo sitaificha. Ukirudi kutoka Rusinga jioni hii utanikuta hapa nje ya gereji, nitakupa mkononi, na utaisoma nikiwa nimesimama mbele yako. Sitaingia chini ya gari. Sitajifanya natafuta kitu. Ukifika hapa inua macho, unitazame, useme chochote ulicho nacho, hata kiwe kizito kiasi gani, nami sitakujibu mpaka umalize.

Nisamehe, Akinyi. Ulihesabu vizuri.

Baba yako